Pima Elfu: Tabia, Jina na Swali la "Wewe ni Mhusika Gani?"

Utangulizi

Miongoni mwa michezo inayowapendeza vijana wanaotazama anime, yaani filamu za katuni kutoka Japani, umo mmoja wa maswali na majibu. Mchezaji huulizwa maswali kama kumi hivi: anapenda rangi gani, rafiki akimsaliti, atalipiza au atanyamaza, akiwekewa mbele yake upanga, fimbo ya uchawi na mabawa, atachukua kipi. Majibu hujumlishwa, na mwishoni hutolewa hukumu ya sentensi moja: "Wewe ni Haku", "Wewe ni San", "Wewe ni Naruto". Chini ya hukumu huwekwa aya fupi ya sifa. Mchezaji hufurahi, humwonyesha mwenziwe, na mwenziwe naye hutaka kujua yeye ni nani.

Ni rahisi kwa wanataaluma kuupuuza mchezo wa namna hii. Mhadhara huu hauupuuzi. Si kwamba mchezo unapima kitu; kama itakavyoonyeshwa, haupimi karibu chochote. Lakini sentensi "Wewe ni Haku" ina nadharia ya mtu ndani yake, na nadharia hiyo imo katika sarufi: kuna nafsi, kuna kishirikishi *ni*, na kuna jina. Sentensi hiyo ikiingia katika Kiswahili huleta maswali ambayo Kiingereza na Kijapani havikuyauliza. Aidha, wapo ndugu wa mchezo huu waliovaa joho la sayansi, na hao hawachezi. Hojaji za tabia zilizotungwa kwa Kiingereza hutafsiriwa na kutumiwa katika utafiti wa elimu na wa afya ya akili. Anayepimwa kwa maneno ambayo lugha yake haiyatumii kwa kazi hiyo huenda akapata alama inayoieleza tafsiri kuliko inavyomweleza yeye.

Muhuri na mwendo

Inafaa kuanza na maneno yenyewe. Neno *tabia* lilitoka katika Kiarabu, katika mzizi unaobeba maana ya kugonga muhuri na kupiga chapa. Kiswahili kina jamaa mwingine wa mzizi huohuo, nalo ni *matbaa*, kiwanda cha kupigia chapa vitabu. Kwa asili yake, basi, tabia ni alama iliyogongwa juu ya mtu. La kustaajabisha ni kwamba Wayunani wa kale, bila kuwauliza Waarabu, walifikia picha ileile. Neno lao *kharakter* lilikuwa alama iliyochongwa au kugongwa, kama ile ya sarafu, na Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle, alilitumia kwa michoro yake 30 ya aina za watu wenye kasoro. Neno hilo lilisafiri hadi Kiingereza, na kutoka Kiingereza likaingia Kijapani kama *kyarakuta*, ambalo vijana wamelifupisha kuwa *kyara*.

Kiswahili, hata hivyo, kiliuchukua muhuri kikaufanyia kazi nyingine. Katika matumizi ya kawaida leo, tabia iko karibu mno na *mwenendo*, neno ambalo ni mtoto wa kitenzi *enda*. Methali isemayo kuwa mazoea hujenga tabia haikubali kabisa habari ya muhuri: kinachojengwa hakikugongwa siku moja. Kwa lile aliloumbwa nalo mtu, Kiswahili kimetenga maneno mengine, *hulka* na *silika*, nayo hayamwagiki ovyo vinywani mwa watu. Vivyo hivyo istilahi ya kifasihi *mhusika*. Haitokani na alama yoyote. Inatokana na *kuhusika*, kuguswa na jambo, kuwa na sehemu ndani yake. Mwanafunzi anayeuliza "Mimi ni mhusika gani?" kwa Kiswahili, akiyasikiliza maneno yake vizuri, anauliza amo katika jambo gani. Swali hilo ni zuri zaidi kuliko lile la asili.

Wajapani wenyewe wameligeuza neno lao kwa njia inayostahili kuangaliwa. Mhakiki Ito Go, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu Tezuka Osamu na historia ya manga, alitenganisha *kyara* na *kyarakuta*. Kyara ni ile sura iliyochorwa kwa mistari michache, yenye jina, ambayo yaweza kutolewa katika hadithi moja ikatiwa katika nyingine ikatambulika vilevile. Kyarakuta ni mtu wa hadithi, mwenye maisha nyuma ya mistari hiyo. Miaka minne kabla yake, Azuma Hiroki (2001) alikuwa ameeleza jinsi mashabiki wanavyowasoma wahusika kama mafungu ya vipengele vilivyotolewa ghalani: nywele za rangi fulani, masikio ya paka, ukali wa nje wenye upole ndani. Mchezo wa maswali na majibu ni mwana halali wa ghala hilo. Haumtafuti mtu wa hadithi, unatafuta kyara.

Tena neno hilo limevuka mipaka ya katuni. Mwanasosholojia Doi Takayoshi (2009) ameandika juu ya watoto wa Kijapani wanaogawiana kyara darasani: huyu wa kuchekesha, huyu wa kuchekwa, huyu mwerevu. Kyara hizo hulinda amani ya kikundi, kwa kuwa kila mmoja anajua atazamie nini kwa mwenziwe. Lakini aliyepewa ya kuchekwa hutakiwa achekwe kila siku. Hapo mchezo umekwisha.

Damu, aina 16 na wanafunzi 39

Hamu ya kuwapanga watu kwa aina ina historia ya pekee nchini Japani. Karl Landsteiner aligundua makundi ya damu mwanzoni mwa karne ya 20 huko Vienna. Mwaka 1927 Furukawa Takeji, mwalimu mjini Tokyo, alichapisha makala iliyodai kwamba tabia ya mtu hufuata kundi la damu yake. Dai hilo lilikosolewa likafifia, hadi mwaka 1971 Nomi Masahiko, mwandishi asiyekuwa daktari, alipolifufua kwa kitabu cha watu wote. Tangu hapo kundi la damu limekuwa sehemu ya utambulisho. Vitabu rasmi vya maelezo ya mfululizo kama *Naruto*, manga iliyotoka kuanzia mwaka 1999 hadi 2014, hutaja kundi la damu la mhusika pamoja na urefu wake na siku yake ya kuzaliwa. Mhusika hana damu, ana wino. Lakini msomaji hupewa kundi lake ili alinganishe na lake mwenyewe.

Upande wa Marekani, Katharine Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers, katika miaka ya 1940, walitengeneza kipimo kinachomgawa kila binadamu katika mojawapo ya aina 16, kwa kufuata kitabu cha Carl Jung cha mwaka 1921. Wanasaikolojia wengi hawakiamini, kwa sababu mbili zilizo wazi. Watu hawagawanyiki makundi mawili mawili, wengi wao wako katikati. Na sehemu kubwa ya wanaorudia kipimo baada ya wiki chache hupata aina tofauti na ya kwanza. Hayo hayakuwazuia mashabiki wa anime kuwapa wahusika wao herufi nne nne za kipimo hicho.

Kwa nini basi mchezaji huona hukumu imempata barabara? Jibu lilikwisha kutolewa zamani. Mwaka 1948 Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 kipimo cha tabia, kisha akampa kila mmoja maelezo aliyodai ni ya kwake binafsi. Aliwataka wayapime usahihi kwa alama kuanzia 0 hadi 5. Wastani ulikuwa 4.26. Baada ya hapo aliwafunulia kwamba wote walikuwa wamepewa karatasi yenye maneno yaleyale, mengi yake yametolewa katika kitabu cha unajimu kinachouzwa vibandani. Aliyachapisha matokeo hayo mwaka 1949. Msomaji wa Kiswahili aliyewahi kusikiliza mpiga ramli hahitaji kuelezwa zaidi. Sentensi inayosema kwamba mtu huonekana mtulivu kwa nje lakini ndani ana wasiwasi itawafaa wote waliomo ukumbini, pamoja na walinzi walioko mlangoni.

Kuishia hapo, na kusema kwamba vijana wanadanganywa, ni uvivu. Forer alionyesha kwamba maelezo ya jumla hukubalika; hakuonyesha kwa nini watu huyatafuta. Hapo ndipo isimu ina neno la kusema.

Kivumishi kimekwenda wapi?

Upimaji wa tabia wa kisasa, hata ule unaoheshimika, umejengwa juu ya dhana moja ya kiisimu: kwamba tofauti zote muhimu baina ya watu zimekwisha kuwekwa katika maneno ya lugha yao, na kwamba atakayeyakusanya maneno hayo atakuwa amekusanya tabia. Francis Galton alilidokeza jambo hili mwaka 1884 kwa kupekua kamusi. Mwaka 1936 Gordon Allport na Henry Odbert walikusanya kutoka katika kamusi ya Kiingereza maneno 17,953 yanayoweza kumtofautisha mtu na mwingine, na kati yake 4,504 wakayaona kuwa ni majina ya tabia za kudumu. Kutokana na orodha za namna hiyo, baada ya miongo mingi ya kupunguza na kukokotoa, yalipatikana yale yanayoitwa mambo makuu matano ya nafsi.

Sasa, mwenye kutaka kufanya kazi hiyo kwa Kiswahili atafute wapi? Akitafuta vivumishi atarudi na kikapu chepesi. R. M. W. Dixon, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1977, alionyesha kwamba lugha zenye kundi dogo la vivumishi, zikiwamo za Kibantu, hulitumia zaidi kwa ukubwa, umri, rangi na thamani. Habari za mwelekeo wa mtu huzipeleka kwingine, hasa kwenye nomino. Kiswahili kinathibitisha kwa sehemu kubwa. Vivumishi vya asili vinavyoeleza tabia, kama *-pole*, *-kali*, *-vivu*, vinahesabika. Vingi vinavyoonekana kuwa vivumishi vilizaliwa na vitenzi: *-tulivu* kutoka *tulia*, *-vumilivu* kutoka *vumilia*, *-sikivu* kutoka *sikia*, *-nyenyekevu* kutoka *nyenyekea*, *-changamfu* kutoka *changamka*, *-danganyifu* kutoka *danganya*. Mvumilivu, kwa umbo lake, ni mtu aliyevumilia mpaka kuvumilia kukamganda. Kuna nyuma yake tendo, na penye tendo pana tukio, na penye tukio pana watu wengine.

Kisha liko kundi la *ki-*, ambalo halijapewa heshima linayostahili: *kiherehere*, *kimbelembele*, *kidomodomo*, *kigeugeu*. Mengi ya maneno hayo yamerudufiwa, kana kwamba sarufi yenyewe inaigiza mtu anayerudia jambo lake bila kuchoka. Namna yanavyotumika inafundisha. Husemwa "*ana* kiherehere", "*ana* kimbelembele", kama mtu asemavyo ana mafua. Lakini husemwa "*ni* kigeugeu". Kwa nini mmoja awe *nacho* na mwingine awe *ndicho*? Pengine kwa sababu kiherehere hushika na kuachia, mtu akikemewa hutulia. Kigeugeu hakina pa kushikwa. Suala hili linangoja mtafiti kijana mwenye subira na matini za kutosha.

Zaidi ya hayo upo ulimwengu mzima wa viungo vya mwili: mtu ana moyo mgumu, ana roho nzuri, ni mkavu wa macho, ana mkono wa birika. Kwa ujumla, katika Kiswahili mambo mengi ambayo Kiingereza huyasema kwa kivumishi baada ya kitenzi cha kuwa, husemwa kwa *-wa na*, kwa kitendo cha mazoea cha *hu-*, au kwa sehemu ya mwili. Ionywe hapa kwamba hili halithibitishi kuwa Waswahili huwaona watu kwa jicho jingine. Wapo waliowahi kuruka kutoka katika ngeli za nomino hadi katika falsafa ya Waafrika wote kwa mruko mmoja, nao walianguka vibaya. Linalothibitika ni dogo lakini lina uzito: tafsiri ya neno kwa neno ya hojaji ya tabia hubadilisha kinachoulizwa.

Mfano mmoja watosha. Karibu kila kipimo, cha mchezo au cha kitaalamu, huuliza kama mtu hupata nguvu akiwa na watu au akiwa peke yake. Kwa yule wa pili mfasiri huhangaika. Akiandika *mpweke*, amemfanya mtu wa kuhurumiwa aliyekosa wenzake. Akiandika *anayejitenga*, amemtia makosani, kwa kuwa kujitenga na majirani ni shutuma. Akiandika *mkimya*, amempa sifa iliyochanganyika na tahadhari, maana wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Neno lisilosifu wala kulaumu halipo. Mjibu wa Kiswahili akikataa kipengele hicho, amekataa tabia au amekataa tusi?

Kwamba shaka hii si ya nadharia tupu, utafiti umeonyesha. Mwaka 2013 Michael Gurven na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima Watsimane wa Bolivia 632. Mambo makuu matano hayakujitokeza. Amber Gayle Thalmayer, Gerard Saucier na wenzao, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, hawakutafsiri orodha ya Kiingereza. Walianza na maneno ya wenyeji katika Kimaasai, na katika Kisupyire cha Afrika Magharibi, kisha wakaangalia maneno hayo yanajipanga vipi. Hayakujipanga katika yale matano. Kiswahili, chenye wasemaji wengi mara nyingi zaidi kuliko Kimaasai, kinastahili kazi ya namna hiyo, ianzie vibarazani na sokoni, isianzie katika faharasa ya kitabu cha Kiingereza.

"Mimi" ngapi?

Mtazamaji wa anime, kabla hajaijua tabia ya mhusika, huwa amekwisha kuisikia. Kinsui Satoshi, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Osaka, ameiita lugha inayofanya kazi hiyo *yakuwarigo*, yaani lugha ya uhusika, na kitabu chake cha mwaka 2003 kimefungua tawi zima la utafiti. Mfano wake maarufu ni Profesa Ochanomizu wa *Tetsuwan Atomu*. Mzee huyo hujiita *washi* na humalizia sentensi zake kwa *ja*. Maprofesa wa Japani hawasemi hivyo. Kinsui alifuatilia umbo hilo hadi mjini Edo, ambako wakati mmoja wazee na wasomi walishikilia usemi wa kimagharibi ilhali vijana wameukumbatia wa kimashariki. Michezo ya jukwaani ikaudaka, na manga ikaurithi. Wasemaji walikufa zamani, usemi umebaki kwa wahusika.

Kijapani kina maneno mengi ya kusema "mimi", na kila moja humvalisha msemaji vazi. Katika *Fullmetal Alchemist* ya Arakawa Hiromu (2001–2010) wapo ndugu wawili waliolelewa nyumba moja. Edward, mdogo wa kimo, hujiita *ore*, "mimi" ya kiume yenye ubishi. Alphonse amepoteza mwili wake, na roho yake imefungwa ndani ya deraya kubwa ya chuma inayotisha watu njiani. Naye hujiita *boku*, "mimi" ya mvulana mpole. Chuma kile hakina uso wa kubadilika. Kila mara kinaposema *boku*, mtazamaji hukumbuka kwamba ndani yake yumo mtoto.

Kwa Kiswahili wote wawili ni *mimi*, na wakisemwa wote ni *yeye*. Hili si pungufu la lugha, ila mfasiri atahitaji zana nyingine, nazo zipo tele: lahaja, salamu, namna ya kuitika. Anayeitika *naam* na anayeitika *abee* wamejitambulisha jinsia kabla hawajaonekana. Mvulana anayetoa *shikamoo* kwa kila mkubwa, na nduguye anayeipita, wameachana kwa umbali uleule wa *boku* na *ore*.

Kiswahili pia kina yakuwarigo yake, na haikuanza leo. Katika mchezo wa runinga ya taifa ya Kenya, *Vitimbi*, Mzee Ojwang alijulikana kwa Kiswahili chenye lafudhi nzito ya Kijaluo. Mwigizaji wake, Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, hakuwa Mjaluo. Watazamaji walilijua hilo na waliipenda lafudhi vilevile, kwa kuwa ilikuwa ya Ojwang. Hata hivyo lugha ya uhusika ina upande wa giza. Katika tafsiri za Kijapani za riwaya za Marekani, watumwa weusi walisemeshwa usemi wa kubuni uliofanana na lahaja za Tohoku, kaskazini mashariki, kwa sababu tu msomaji wa Tokyo alikwisha zoea kuusikia kama usemi wa mshamba. Kwa hatua moja walidhalilishwa watu wa mabara mawili. Mwandishi wa Kiswahili anayemtafutia mlinzi wa lango au mtumishi wa ndani lafudhi ya kuchekesha hana budi kujiuliza lafudhi hiyo anaitoa nyumbani kwa nani.

Aliyenyang'anywa pima

Fantasia ya Kiswahili ilikwisha kulijibu kwa njia yake swali la jina na tabia. Katika *Kusadikika* ya Shaaban Robert (1951), nchi inayoelea angani, mshtaki ni Waziri Majivuno na mshtakiwa ni Karama. Katika *Adili na Nduguze* (1952) ndugu wawili wa Adili wanaitwa Hasidi na Mwivu, nao wanageuzwa manyani. Hapa mwili waweza kubadilika. Jina halibadiliki, na jina ndiyo tabia. Msomaji aliyeulizwa "wewe ni nani kati ya hawa?" asingechukua muda kujibu, na asingekuwa mkweli.

Filamu ya Miyazaki Hayao ya mwaka 2001, *Sen to Chihiro no Kamikakushi*, iliyotunukiwa Dubu wa Dhahabu mjini Berlin mwaka 2002 na tuzo ya Oscar mwaka 2003, inakwenda kinyume kabisa. Neno *kamikakushi* ni kufichwa na mizimu, jambo ambalo mtu wa pwani hahitaji kufafanuliwa. Msichana wa miaka kumi anaingia katika nyumba ya kuogea mizimu, wazazi wake wamegeuzwa nguruwe, na ili asidhurike lazima apate kazi. Mwenye nyumba, bibi mchawi Yubaba, anamtia sahihi mkataba, kisha anayakwapua maandishi ya jina lake kutoka katika karatasi yakielea hadi kiganjani mwake, anabakiza moja tu. Chihiro sasa ni Sen. Kijana Haku anamwonya kwamba akilisahau jina lake hatarudi kwao. Haku mwenyewe amelisahau lake.

Mchezo wa maswali na majibu humweleza Chihiro kuwa jasiri, mpole, mwenye bidii. Mwanzoni mwa filamu si hata kimoja. Amelala kitini mwa gari amenuna, na gizani anamng'ang'ania mama yake mkono. Yote anayosifiwa aliyafanya, hakuwa nayo. Ni sifa za *-vu*, si muhuri. Karibu yake yupo Kaonashi, asiye na uso, ambaye hana hata sauti. Anatoa mguno tu, mpaka anapommeza chura mtumishi, na kuanzia hapo anazungumza kwa sauti ya chura. Wapo wachezaji wanaoambiwa wao ni Kaonashi na wakafurahi. Labda ndio waliopata jibu la karibu zaidi na hali ya mtu anayejitafuta katika aya iliyoandikiwa wengine.

Linalomngoja mfasiri wa Kiswahili ni jina lenyewe. *Chihiro* huandikwa kwa herufi mbili: *chi*, elfu, na *hiro*, kipimo cha urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, ambacho mabaharia hupimia kina cha bahari. Kiswahili kina kipimo hichohicho, tena kwa mabaharia walewale: *pima*. Chihiro ni pima elfu, kina kisichofikiwa. Ndicho kitenzi kilichozaa *kipimo*, jina la kila hojaji iliyotajwa hapa. Yubaba anachukua pima, anabakiza hesabu tupu.

Wengi wanaoitazama filamu hii kwa maandishi ya Kiingereza hawalipati hilo, wala hawapati la pili. Herufi iliyobaki ni ileile, lakini haisomwi tena *chi*, usomaji wa Kijapani asilia. Inasomwa *sen*, usomaji uliotoka Uchina. Mtoto hakupoteza nusu ya jina tu, hata nusu iliyobaki amerudishiwa kwa sauti ya kigeni. Lugha chache zingeweza kulibeba jambo hilo. Kiswahili kinaweza, kwa sababu kando ya *elfu*, iliyotoka Uarabuni, kamusi za zamani na washairi wameihifadhi namba ya Kibantu, *kikwi*. Mtoto aingie mlangoni akiitwa Pima Kikwi, na kesho yake aamshwe kazini kwa jina la Elfu, na mtazamaji wa Lamu au wa Tanga atakijua kilichoibwa bila kuandikiwa chochote chini ya picha.